Mshabiki na Mchumba Wake
Somo kwa vijana wetu, na kwa wazazi wao pia



Tumeombwa tuandike somo juu ya uchumba kwa ajili ya vijana wa mtaa wetu. Masomo ya namna hii yamekwisha kuandikwa mengi, na mengi ni mazuri. Lakini vijana hutuambia kwamba karibu yote huanza kwa kuwakataza jambo fulani. Basi leo hatutaanza kwa kukataza. Tutaanza kwa mpira.

Sisi tunaoandika ni mume na mke. Tulichumbiana tulipokuwa wanafunzi Marekani, katika jimbo la North Carolina, na katikati yetu palikuwa na mtu wa tatu, ndiye mpira wa kikapu wa vyuo. Mmoja wetu, aliye mume, alikuwa mshabiki. Mwingine hakuwa. Tumekubaliana kuyasema mambo kama yalivyokuwa, hata yale ya aibu, maana huenda yakamfaa kijana aliye leo katika njia ile ile tuliyoipita sisi.

MCHEZO WENYEWE

Yafaa kwanza tueleze mchezo, kwa kuwa wengi wetu hapa twajua kandanda zaidi. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Aliyeubuni ni James Naismith, mtu wa Kanada aliyekuwa amesomea theolojia, naye alikuwa akifundisha katika chuo cha Y.M.C.A. Mkuu wake alimtaka atafute mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, ili vijana wasikae bure wakagombana. Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, akawagawa vijana 18 wa darasa lake, tisa upande huu na tisa upande ule. Baada ya muda mfupi wanawake nao wakaanza kuucheza, na mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa Maude Sherman. Mwaka 1894 Naismith alimwoa. Basi mtu asituambie ya kwamba mchezo huu na uchumba ni maadui tangu asili.

Huko Marekani vyuo vikuu vina timu zake, na wako watu wazipendao kuliko hata timu za wachezaji wa kulipwa. Tangu mwaka 1939 yako mashindano makubwa ya vyuo ambayo huanza katikati ya Machi na kwisha mapema Aprili. Siku zetu timu zilizoingia zilikuwa 64. Mwaka 2011 zikawa 68. Timu ikishindwa mara moja tu, imekwisha, hurudi nyumbani. Kwa sababu hiyo kila mchezo huwa kama kufa na kupona, na Wamarekani wenyewe huuita mwezi huo wazimu wa Machi. Msomaji Mwanglikana ataona upesi jambo moja: karibu kila mwaka mashindano haya huangukia katika Kwaresima.

Katika North Carolina ushabiki huu ni mkali zaidi. Chuo Kikuu cha Duke kiko Durham, na Chuo Kikuu cha North Carolina kiko Chapel Hill, na kutoka kimoja hata kingine ni kama maili kumi tu. Timu hizo zikikutana, mji mmoja hulia na mwingine hucheka. Ukumbi wa Duke, uitwao Cameron, huingiza watu 9,314 tu. Kwa hiyo tangu mwaka 1986 wanafunzi wamekuwa na desturi ya kulala nje katika mahema, majuma mengi, katika baridi ya Januari na Februari, ili wapate nafasi ya kuingia siku ya mchezo ule mkubwa.

Mshabiki wetu hakuwa mwanafunzi wa Duke. Alisoma katika chuo kidogo karibu na hapo, lakini moyo wake ulikuwa Duke. Aliwahi kulala usiku mmoja katika hema la rafiki yake, amejifunika mablanketi matatu, akarudi na mafua ya juma zima, naye aliisimulia habari hiyo kama mtu aliyetoka vitani. Lakini mtu huyo huyo, akimngoja mchumba wake mlangoni pa maktaba kwa dakika kumi na tano, alitazama saa mara tano.

Timu yake ikishinda, alikuwa mtu mwema, mwenye mzaha na mwenye kununua chakula. Ikishindwa, hakula wala hakusema siku mbili. Mke anasema kwamba alianza kusoma ukurasa wa michezo katika gazeti kila asubuhi. Hakuupenda mchezo. Aliusoma kama mkulima anavyotazama mawingu, ili ajue siku ile itakuwaje.

USIKU WA TAREHE 28 MACHI 1992

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi ule wa Machi mke, ambaye wakati huo alikuwa mchumba tu, alipata habari kutoka kwao, upande wa Tanga, ya kwamba mama yake ni mgonjwa sana na amelazwa hospitali ya misheni. Siku hizo hapakuwa na simu za mkononi. Simu ya bwenini haikuweza kupiga ng'ambo. Lakini mzee mmoja wa kanisa tulilokuwa tukisali, mtu mwenye huruma, alisema, "Njoni nyumbani kwangu mpige simu, wala msijali gharama." Barua ikaandikwa mapema, mipango ikafanywa. Ikiwa saa tano usiku kwetu North Carolina, kwao Tanga ni saa moja asubuhi. Basi tulipatana kupiga simu Jumamosi, tarehe 28 Machi, saa tano usiku, nyumbani kwa padre jirani na hospitali, na mama angeletwa pale aisikie sauti ya binti yake. Alitaka pia kumsikia huyo kijana aliyekuwa amepewa habari zake katika barua.

Nyumba ya yule mzee ilikuwa mbali, ng'ambo ya mji, na usiku hapakuwa na basi. Mume aliazima gari la rafiki. Aliahidi kwamba atakuja mara baada ya chakula cha jioni, ili tufike mapema, tuketi kidogo na wenyeji wetu, kisha tupige simu kwa utulivu.

Jioni ile ile, huko Philadelphia, Duke walikuwa wakicheza na Kentucky. Atakayeshinda angeingia katika timu nne za mwisho. Mume alijiambia kwamba atatazama kipindi cha kwanza tu. Kisha akasema atatazama mpaka zibaki dakika kumi. Saa ya kwenda ikapita. Dakika zote zilipokwisha timu zilikuwa sawa, 93 kwa 93, ikabidi ziongezwe dakika tano. Zikiwa zimebaki sekunde 2.1, Sean Woods wa Kentucky alifunga, ikawa 103 kwa 102, na Duke walikuwa kama wamekufa. Ndipo Grant Hill akautupa mpira kutoka mwisho mmoja wa uwanja mpaka karibu na mwisho wa pili, Christian Laettner akaudaka, akageuka, akatupa, ukaingia muda ukiisha. Duke 104, Kentucky 103. Wako wengi wasemao kuwa huo ndio mchezo mzuri kuliko yote iliyochezwa na vyuo. Laettner alitupa mara kumi katika mchezo na mara kumi za adhabu, wala hakukosa hata mara moja.

Mume hakuondoka hata hapo. Alitoka uani pamoja na wenzake, wakaimba, wakapiga honi za magari, na gari lile la kuazima likapiga honi pamoja na mengine.

Mchumba wake alikuwa amekaa katika ukumbi wa bweni la wasichana, amevaa koti, mkoba magotini. Alipiga simu katika bweni la wavulana mara nne, ikalia bila ya mtu kuipokea, kwa kuwa wote walikuwa mbele ya televisheni, na baadaye wote walikuwa uani. Hakutaka kumwamsha yule mzee wa kanisa usiku na kumwomba aje amchukue, maana kila dakika alifikiri, "Sasa anakuja."

Mume alifika saa sita.

Kule Tanga, mama aliletwa nyumbani kwa padre saa moja asubuhi, ameshikwa mkono na mwanawe wa kiume. Alikaa kitini karibu na simu hata kengele ya ibada ikapigwa. Hapo wakamrudisha wodini. Ilikuwa Jumapili ya Nne ya Kwaresima, Jumapili ambayo Waanglikana mahali pengi huwakumbuka akina mama.

MANENO YALIYOSEMWA

Yule dada hakupiga kelele. Alisubiri siku mbili, kisha alimwita mchumba wake baada ya ibada ya jioni, akamwambia maneno ambayo tumeyashika mpaka leo: "Kaka, nimekusikiliza mwaka mzima. Ukizungumza juu ya wale vijana watano wa Duke, ambao hawalijui hata jina lako, husema 'sisi'. Tumeshinda, tumeonewa, tutawaonyesha. Ukizungumza juu yangu na wewe, husema 'mimi'. Nitakuja, nimechoka, nilisahau. Mimi naona tupumzike."

Basi uchumba ukasimama.

Mume alitaka kuonyesha kuwa ametubu. Fainali ya mwaka ule ilichezwa tarehe 6 Aprili, na Duke waliwashinda Michigan 71 kwa 51. Mume hakuitazama. Alikaa maktaba na kitabu mkononi, na asubuhi alikwenda kwa yule dada kumwambia jinsi alivyojinyima. Naye akamjibu, "Sikukuomba usitazame. Nilikuomba uje."

Vijana, tafadhali lisomeni jibu hilo mara mbili. Sisi binadamu twapenda kutoa sadaka tulizozichagua wenyewe, badala ya kutimiza ahadi tulizopewa muda wa kuzitimiza. Kufunga televisheni ilikuwa kazi rahisi, tena ilimfanya mume ajione mtu mwema. Kufika kwa saa iliyoagwa ndilo jambo lililotakiwa, na saa hiyo ilikuwa imekwisha kupita.

Baada ya hapo mume alinyamaza, akafanya yaliyobaki kufanyika. Alikwenda kwa yule mzee wa kanisa, akamwomba radhi kwa kuwakalisha macho bure. Alimwandikia barua kaka wa yule dada, akasema kosa ni lake, asije dada akalaumiwa. Akapata kazi ya kuosha vyombo jikoni mwa chuo, akalipa gharama ya simu nyingine. Simu hiyo ilipigwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, na safari hii tulifika saa mbili kabla ya wakati. Binti na mama walizungumza dakika kumi na mbili. Mwishoni kijana alipewa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Jumapili ile tuliwangoja."

Basi. Hakuongeza neno, wala hakuwa na ukali. Akasema Mungu atubariki, akarudisha simu kwa mwanawe.

Mama alifariki mwezi wa Juni, kabla binti yake hajarudi nyumbani. Walikuwa wamezungumza mara moja. Wangeweza kuzungumza mara mbili. Hili hatujalisahau, wala hatujaribu kulisahau, na hatuamini kuwa kusamehe maana yake ni kusahau. Tulirudiana polepole, wazee wakaja wakakaa, posa ikapelekwa kwa utaratibu, na mwaka 1995 tukafunga ndoa. Lakini katika ndoa yetu kuna dakika chache zisizoweza kurudishwa, na sisi sote wawili twazijua.

MAFUNDISHO

Tumefikiri miaka mingi juu ya mchezo ule na juu ya uchumba wetu, na tumeona mambo matano.

La kwanza: mshabiki si mchezaji. Mshabiki husema "tumeshinda," na hali hakutoka jasho. Hupata furaha yote ya ushindi bila ya mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi. Si dhambi, ndivyo furaha ya michezo ilivyo. Lakini mtu akizoea kupata furaha ya namna hiyo, huenda akataka na uchumba uwe hivyo, yaani akae atazame, apige makofi mambo yakiwa mazuri, akasirike yakiwa mabaya. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alipotaka mfano wa michezo alimtaja yule apigaye mbio na kuutiisha mwili wake. Hakuwataja waliokaa pembeni. Katika uchumba hapana viti vya watazamaji. Ninyi wawili ndio mlio uwanjani.

La pili: watu hawapangwi kwa nambari. Katika mashindano yale kila timu hupewa nambari, toka 1 hata 16 katika kila kundi. Wavulana wa bwenini kwetu walichukua karatasi ya namna ile ile wakaandika majina ya wasichana wa chuo, nani nambari 1, nani nambari 16, wakacheka usiku kucha. Mume alikuwapo, naye alicheka. Siku chache baadaye karatasi ilionwa na mmoja wa wasichana walioandikwa mwishoni, na hatuna haja ya kueleza alivyojisikia. Leo vijana hufanya mambo hayo hayo katika simu zao. Tuwakumbushe tu kwamba hata katika mpira nambari hudanganya. Upande wa wanaume, timu za nambari 16 zilikuwa zimepambana na timu za nambari 1 mara 135 zikashindwa zote. Kisha tarehe 16 Machi 2018 chuo kidogo cha Maryland, Baltimore County, kikaifunga Virginia, timu ya nambari 1, 74 kwa 54. Ikiwa waalimu na wajuzi wa mpira walikosea juu ya watu watano na mpira mmoja, wewe utajuaje thamani ya moyo wa mtu kwa kuitazama sura?

La tatu: mapumziko yana idadi. Katika mchezo huu timu huruhusiwa kuomba mapumziko mara chache tu. Tarehe 5 Aprili 1993, katika fainali, Michigan walikuwa nyuma kwa pointi mbili na zimebaki sekunde 11. Chris Webber, kijana hodari sana, akabanwa pembeni, akaomba mapumziko. Timu yake haikuwa na mapumziko tena. Kwa sheria hilo ni kosa. North Carolina wakapewa mitupo na mpira, wakashinda 77 kwa 71. Uvumilivu wa mchumba wako nao una idadi, na ubaya wake ni kwamba haiandikwi ubaoni. Usidhani kwamba kwa kuwa amekusamehe mara tatu, ipo ya nne. Mume hakujua kwamba usiku ule alikuwa ameishiwa.

La nne: kosa moja si mwisho wa mtu, kama mtu mwenyewe atarudi mazoezini. Tarehe 29 Machi 1982, katika fainali, Georgetown walikuwa nyuma kwa pointi moja tu, muda unakwisha. Kijana wao Fred Brown akampa mpira James Worthy wa North Carolina, akidhani ni mwenzake. Wakashindwa 63 kwa 62, mbele ya nchi nzima. Mwalimu wake, John Thompson, hakumkemea. Alimkumbatia pale pale uwanjani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, Georgetown walichukua ubingwa, na Fred Brown alikuwa bado katika timu. Tunapenda habari hiyo. Lakini tuiseme yote: katikati ya ile siku ya kwanza na ile ya pili palikuwa na miaka miwili ya kazi. Kijana anayeomba radhi kwa machozi, kisha anarudia lile lile juma lijalo, huyo hakuteleza; huyo amechagua njia. Na ikiwa mchumba wako hukupiga, au hukudanganya kila mara, dada, usifanye haraka kumwita Fred Brown. Nenda ukawaambie wazazi wako au padre wako.

La tano: inawezekana kuupenda mchezo na kumpenda mtu. Hili twalisema ili vijana wasidhani kwamba twawaambia waache michezo. Hapajapata kutokea katika vyuo vya Marekani mwalimu wa mpira wa kikapu aliyeshinda ubingwa mara nyingi katika timu za wanaume kama John Wooden wa UCLA, huko Los Angeles. Aliuchukua mara 10 katika miaka 12, toka 1964 hata 1975, na wakati mmoja timu yake ilishinda michezo 88 mfululizo. Mtu huyo alianza kumpenda Nellie Riley tangu wakiwa wanafunzi wa shule ya sekondari huko Martinsville, Indiana. Nellie alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya shule, na kabla ya mchezo kuanza kijana alimtafuta kwa macho, wakapeana ishara. Walioana Agosti 1932, siku chache tu baada ya benki kufilisika na akiba yao ya arusi kupotea. Miaka yote ya kufundisha, kabla ya kila mchezo aligeuka kwanza amtazame mkewe alipoketi. Nellie alifariki tarehe 21 Machi 1985. Tangu hapo, tarehe 21 ya kila mwezi, mzee yule alimwandikia mkewe barua, akaiweka juu ya mto wake kitandani. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2010, amekwisha kutimiza miaka 99. Uwanja wa UCLA ulipopewa jina, mwaka 2003, liliwekwa jina la wote wawili, na la mke likatangulia.

Tazameni jambo moja katika habari ya mzee huyo. Mchezo ulikuwa kazi yake na mkate wake. Alikuwa na sababu kubwa kuliko mshabiki yeyote ya kuufikiria peke yake. Hata hivyo kabla mpira haujarushwa alijua mkewe ameketi wapi.

MAMBO YA KUFANYA

Vijana wapendwa, tuwape ushauri mfupi ambao sisi wenyewe tumeujaribu.

Mkiwa wachumba, ambianeni mapema kila mmoja anapenda nini. Ikiwa ni mpira, sema ni mpira, na siku zake ni zipi. Wala usimwambie mwenzako kuwa unakwenda kusoma.

Ukiahidi saa, weka ahadi hiyo kabla ya mchezo, si katikati yake. Mtu aliyekwisha kukaa mbele ya televisheni hana tena akili ya kuamua; twalijua hilo.

Ukishindwa kufika, tuma neno. Siku zetu ilikuwa vigumu. Ninyi mna simu mfukoni, basi hamna udhuru.

Na wewe usiyependa mchezo, usiucheke. Uliza maswali. Mke alipouliza, baada ya miaka mingi, kwa nini watu wazima hulia juu ya mpira, mume alikaa kimya kidogo, kisha akamweleza kwamba alipofika Marekani hakumjua mtu hata mmoja, na ukumbi ule wa televisheni ulikuwa mahali pa kwanza ambapo mtu alimwambia, "Keti hapa nasi." Mke anasema kwamba kama angaliuliza mapema, huenda angalielewa mengi. Haikumwondolea mume kosa lake, lakini ilikuwa kweli, nayo ilifaa kusikiwa.

Ninyi wazazi, msidhani upuzi huu ni wa Marekani tu. Twawajua vijana wa hapa kwetu ambao hawakufika kwenye kikao cha posa yao kwa ajili ya mchezo wa kandanda wa Uingereza. Msiwafukuze. Kaeni nao mwulize wanachotafuta kule.

Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alikuwa akiichezea Connecticut, nayo ikaingia katika timu nne za mwisho. Nusu fainali ilichezwa huko Detroit tarehe 4 Aprili jioni, ambayo kwetu ilikuwa saa saba ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Mitende. Mtanzania katika mashindano yale! Mume alizunguka nyumbani juma zima kama kuku anayetaka kutaga. Jumamosi ile usiku mke alimwambia, "Nenda kwa rafiki yako mwenye mitambo, ukatazame. Asubuhi mimi nitawatangulia kanisani na watoto." Mume akafikiri, akasema, "Twende sote, au tulale sote." Tukalala. Asubuhi tukasikia ya kwamba Michigan State wameshinda 82 kwa 73. Tukiwa njiani kwenda ibadani, mke ndiye aliyesema, "Tumefungwa."

Mume alicheka hata watoto wakashangaa. Neno lile "tu" ndilo lililokuwa limevunja uchumba wetu, miaka 17 nyuma.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja ahadi moja uliyoivunja kwa sababu ya mchezo, sinema, simu au marafiki. Ni nani aliyengoja?

2. "Sikukuomba usitazame. Nilikuomba uje." Je, sisi hutoa sadaka gani za kujichagulia badala ya jambo tuliloombwa?

3. Ukizungumza juu yako na mchumba wako, husema "mimi" au "sisi"? Mwulize rafiki anayekusikia, usijijibu mwenyewe.

4. Je, yule dada alifanya vema kuusimamisha uchumba? Na je, alifanya vema kurudi? Wasichana na wajibu kwanza, wavulana wasikilize.

5. Wazazi wafanye nini kijana wao anapopenda mchezo kupita kiasi?